Ndoo Zilizojinywesha

Nekesa,

Sikusalimii. Najua barua huanza na salamu, na wewe ndiye uliyekuwa mtu wa salamu ndefu, mpaka paka wa Mama Shiro ulimuuliza ameamkaje. Mimi leo sina. Nimekaa mlangoni pangu, watu wametoka kanisani, laini nzima ya nyumba zetu inanukia chapati, na nimeshika kalamu kwa sababu nimekugombeza kwa mdomo tangu tulipokuzika na mdomo umechoka. Juzi mteja alinikuta sokoni Gikomba nikisema peke yangu juu ya cherehani. Akaniuliza kama niko kwa simu. Nikamwambia ndiyo.

Nikupe habari za huku kwanza. Nyumba yako imeingia watu wengine, kijana na mkewe, wapole, wana televisheni inayoziba nusu ya dirisha. Wafula mumeo alikuja na pikapu akabeba kitanda, viti na sufuria. Lile pazia la maua ya manjano nililokushonea alilifungia vyombo. Ndoo zako za mboga hakuzigusa. Aliniambia, "Hizo utaangalia wewe," bila kunitazama, kama mume wa mtu anayemwachia jirani taka amtupie. Kwa hiyo ndoo ni zangu sasa. Jinsi zilivyo leo hutapenda. Nitafika hapo.

Unakumbuka siku uliyohamia Mbotela? Mimi nakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Nilikuwa kwenye foleni ya mfereji, kule mwisho wa laini, ukaja na mtoto mgongoni, ukajaza mitungi miwili, ukainyanyua mmoja kila mkono kama mtu anayebeba vikapu vitupu. Uliponipita ukasema, "Dada, niaje, hapa maji huisha saa ngapi?" Mtungi uliojaa, na unauliza saa. Wanawake wa laini walikuita Trekta kuanzia siku hiyo, na wewe ulilipenda jina. Mikono yako ilikuwa mikono ya mtu aliyelima kwa jembe tangu utoto, na mimi wa cherehani nilikuwa nikiitazama kwa wivu.

Nyuma ya nyumba yako kulikuwa na ule uchochoro wa kati ya ukuta na ua wa mabati, mahali pa panya na chupa zilizovunjika. Ukaufagia. Wafula alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha rangi kule Viwandani, akakuletea ndoo zilizotumika, ukazisugua mpaka zikatakata, ukatafuta udongo na samadi Mungu anajua wapi. Ukapanda sukuma, managu, saga na mrenda. Mimi nilikuambia mrenda sili, unateleza kama kamasi. Ukanipikia kwa nguvu, ukasimama kichwani pangu na mwiko, ukasema, "Mtoto wa Murang'a akila mrenda wangu hahami tena Mbotela." Nilikula. Sikuhama. Aliyehama ni wewe.

Kila jioni ulipita mlangoni pangu na mitungi yako ukielekea kunywesha. Nilizoea ile sauti ya maji yakigonga plastiki. Halafu, baada ya ile mvua ndefu ya mwaka juzi, sauti ikakoma. Sikuuliza. Ulikuja mwenyewe, umesimama hapa hapa, umejifunika shuka juu ya bega ingawa jua lilikuwa kali, ukasema, "Wambui, nipe vipande vyako vya nguo. Vya pamba. Nataka kutengeneza ndoo zinazojinywesha."

Nilicheka mpaka nikaangusha sindano. Nilikuambia, "Trekta, uvivu umekushika." Ukasema, "Mimi si punda. Maji yanajua njia, ni sisi tunaoyasumbua kwa kuyabeba."

Nilikuletea furushi la vipande kutoka Gikomba, mabaki ya mitumba ninayopunguza. Ukachukua ndoo mbili, ukatoboa kila moja tundu chini kwa msumari uliochomwa motoni, ukapitisha utambi wa nguo kutoka kwenye udongo hadi kwenye beseni la maji. Ndoo moja uliipa bitana ya koti, ya nailoni. Nyingine uliipa fulana kuukuu. Asubuhi yake ulinigongea kabla sijanawa uso. Ndoo ya bitana ilikuwa kavu kama jivu. Ndoo ya fulana ilikuwa na udongo mweusi, umelowa mpaka juu. Ulipiga kelele laini nzima ikasikia: "Pamba inakunywa! Nailoni ni mwongo!"

Wiki nzima ulikuwa kama mtu aliyeokoka. Tulienda pamoja Gikomba kwa wale wanaouza mabomba yaliyotumika, ukatafuta lile boya la plastiki linalofunga maji kwenye tangi la choo. Muuzaji akakuuliza choo chako kina shida gani. Ukamjibu kwa uso mkavu, "Ni choo cha sukuma." Yule baba alicheka akakuongezea kipande cha mpira bure. Tukarudi na gata kuukuu la bati, la kukingia maji ya mvua, tukiwa tumelibeba mimi mbele wewe nyuma. Hapana. Nimekosea. Nililibeba mimi peke yangu, begani, kutoka Gikomba hadi barabara ya Jogoo na kuingia hadi nyumbani, na wewe ulishika boya. Nilidhani ni utani wako.

Na siku ya kuliunganisha, unakumbuka nani alifanya kazi? Mimi ndiye niliyepandisha pipa juu ya matofali. Mimi ndiye niliyezamisha mikono kwenye samadi. Wewe ulisimama na shuka lako, unaelekeza kwa kidole. "Hapo. Inua kidogo. Hapo." Nilikuambia trekta imepandishwa cheo imekuwa msimamizi. Ulicheka, lakini ulichelewa kucheka. Leo nausikia ule mwanya kabla ya kicheko. Wakati ule sikuusikia.

Ilikuwa kazi nzuri, nakubali hata nikiwa na hasira. Mpira kutoka mferejini unajaza pipa siku maji ya kanjo, ya baraza la jiji, yakija. Pipa linateremsha maji kwenye gata. Gata likijaa, boya linapanda na kufunga. Maji yakipungua, boya linashuka na kufungua. Ndoo zimekaa juu ya gata, tambi zao zimening'inia majini, na kila mmea unavuta kiasi chake. Hakuna mtungi. Hakuna kuinama. Watu walikuja kuangalia kutoka upande wa pili wa barabara. Mama mmoja alikuuliza umesomea wapi. Ukasema, "Kwenye uchovu." Tukacheka sote. Ulikuwa unatuambia, na sote tukacheka.

Aliyekasirika ni Mama Shiro peke yake, wa mlango wa kona, ambaye hukasirika hata jua likichomoza. Alisimama uchochoroni na leso kiunoni akapiga kelele, "Mnatufugia mbu hapa! Mtoto akipata malaria nani atampeleka hospitali?" Mlizozana mpaka mkaitana majina. Kesho yake ukafunika gata kwa vipande vya mbao, ukampelekea fungu la managu, vita vikaisha. Hilo nilielewa. Nilichokosa kuelewa ni kilichofuata. Nikawa namwona akitoka kwako asubuhi, mlango umefungwa nyuma yake. Nikiingia mko wawili, mnanyamaza. Wewe na Mama Shiro! Mwanamke mliyeitana naye majina! Nilidhani ni mambo ya chama cha kuchangiana pesa na mmeniacha nje. Niliumia, nikajifanya sijaona.

Ulianza kukonda. Uliniambia ni vidonda vya tumbo. Nikakuletea uji wa wimbi, ukaunywa, ukanishukuru. Nikakuletea asali. Ukanishukuru. Nilikuuliza mbona shuka halitoki begani, ukasema baridi ya Nairobi imekuingia uzeeni. Uzee gani, Nekesa? Tulikuwa tumelingana.

Asubuhi ile Naliaka aligonga mlango wangu kwa ngumi zote mbili. "Anti, mama haamki vizuri." Nilimkuta binti yako amekuvalisha viatu tayari, amekaa sakafuni anafunga kamba, anajaribu kutolia. Tulikutoa kwa teksi. Wodini nesi akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Neno dada lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa ameshika faili lenye jina lako na ameshika kitambulisho changu, na majina yetu hayakutoka mlima mmoja. Nikasema jirani. "Basi jirani angoje nje. Mume yuko?"

Wafula alikuja na ovaroli, viatu vina rangi ya kijani. Aliingia. Alipotoka nilimuuliza wamesema nini. Akasema, "Ni damu. Damu imepungua." Akapita.

Wakati wa kuona wagonjwa waliniruhusu. Ulifungua macho. Nilishika mkono wako wa kulia, kwa sababu ule mwingine ulikuwa umeufunika. Tulikuwa wawili tu, pazia limevutwa. Ulikuwa na nafasi, Nekesa. Ulikuwa na pumzi. Ukaniuliza, "Pipa lina maji?"

Nikasema lina maji.

Ukasema, "Basi."

Miaka yote hiyo ya kukaa mlango kwa mlango, na neno la mwisho uliloniachia ni hilo. Basi. Wiki haikuisha.

Tulikupeleka Bungoma kwa basi la kukodi. Ulizikwa vizuri, sitadanganya; udongo wa kwenu ni mwekundu na laini, na mahema hayakutosha watu. Walisoma historia yako. Walisema uliugua kwa muda mfupi. Nilisikia hivyo na nikaitikia kama wengine, kwa sababu mimi nami nilidhani ni muda mfupi.

Halafu wakati wa kula, shangazi yake Wafula, yule mrefu wa kilemba cheupe, akasimama katikati ya hema na sahani yake mkononi. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayetangaza hali ya hewa. "Huyu mtoto wetu ameuawa na mboga za Nairobi. Mboga zinanyweshwa maji yanayopita kwenye nguo za kafa ulaya. Nguo za maiti. Maji ya maiti yanaingia kwenye mboga, mboga zinaingia tumboni. Na nguo hizo alipewa na nani?"

Watu wakageuka. Nilikuwa na sahani ya wali magotini. Nilimtazama Wafula aseme neno moja tu. Wafula alitazama viatu vyake. Mama mkwe wako akatikisa kichwa polepole, na Naliaka alikuwa amekaa karibu naye, akanitazama kwa macho yako.

Niliweka sahani chini ya kiti, nikaenda kukaa ndani ya basi mpaka waliporudi wengine.

Unajua nilichofanya njiani? Nilianza kuzikumbuka zile nguo, moja moja. Fulana ile ilikuwa na doa la nini? Shuka lile la pinki lilitoka bunda lipi? Nilisema labda kuna dawa wanayoweka kwenye mabunda. Labda rangi. Nilikula mboga zile zile na sijaugua, lakini akili ya mtu aliyefiwa haijui hesabu. Kutoka Bungoma hadi Nakuru, Nekesa, nilikuwa muuaji. Wewe ulijua ukweli na ulikuwa umelala chini ya udongo mwekundu nao, na mimi niko dirishani, nimejifunika kanga usoni, ninaomba msamaha kwa kosa ambalo halikuwepo.

Nilipofika nyumbani nilipita uchochoroni moja kwa moja. Nilitarajia kukuta mboga zimekauka, maana hakuna aliyezigusa tangu ulipolazwa. Zilikuwa zimenawiri. Sukuma majani mapana kama trei, managu yamefika kiunoni, saga limetoa maua. Pipa lilikuwa limejijaza, boya limejifunga na kujifungua lenyewe, ndoo hazikujua kama kuna mtu amekufa. Nilitamani kuzitemea mate.

Mama Shiro alinifuata na chupa ya chai. Tulikaa kwenye kizingiti changu. Nikamsimulia maneno ya shangazi, nikamuuliza kwa aibu kama yeye anaona nguo zinaweza kumdhuru mtu. Akaweka kikombe chini. Kisha akasema:

"Wambui, Nekesa alikuwa na kansa ya titi. Alijua kabla ya zile ndoo."

Alinieleza kwamba alikutana nawe kwenye foleni ya kliniki, yeye amefuata dawa za presha. Ulimshika mkono ukamwambia, "Ukimwambia Wambui, nitakufa leo leo." Madaktari walikuambia uanze matibabu. Ulisema kwanza Naliaka amalize mtihani. Mtihani ukaisha, ukasema kwanza Krismasi ipite. Ulipokubali kurudi, wakakuambia imeshasambaa. Mkono ulikuwa umevimba mpaka hukuweza kuinua sufuria ya ugali. Mama Shiro ndiye aliyekuwa akija asubuhi kukufunga vitambaa na kukusongea ugali kabla mtoto hajarudi kutoka shule.

"Zile ndoo," akasema, "alizitengeneza kwa sababu hangeweza kubeba maji tena. Na hakutaka uone kwamba ameacha kubeba."

Nilimuuliza kwa nini ulimwambia yeye na si mimi. Niliuliza vibaya, najua, kama mtoto aliyenyimwa. Akasema, "Kwa sababu ya mama yako."

Ni kweli nilikusimulia habari za mama. Tulikuwa tunachambua managu, nikakueleza jinsi ugonjwa huo huo ulivyomla nikimtazama, jinsi nilivyomwosha, jinsi nilivyokaa karibu mwaka baada yake cherehani imefunikwa. Nikasema, sikumbuki hata nilivyosema, kwamba Mungu asinipe tena mgonjwa wa aina hiyo, sitaweza. Ulinisikiliza. Ukaendelea kuchambua. Na kumbe ulikuwa umeshajua, uvimbe uko pale chini ya shuka, na mimi ninakuambia usoni kwamba sitakuweza.

Lakini nani alikupa ruhusa ya kulichukua neno la mtu aliyefiwa na kulifanya sheria? Mtu akisema sitaweza, maana yake ni kwamba alishaweza na anaogopa! Ningelia, ndiyo. Ningekusumbua. Ningekukokota hospitali kwa nywele kabla ya mtihani, kabla ya Krismasi, na labda ungekuwa hapa sasa ukinitukana kwa kukukokota. Ungeniambia, ningekubebea maji. Mitungi miwili, kila jioni. Hilo tu. Ungeninyima kila kitu kingine ukaniachia hilo.

Nilikuambia hutapenda. Jioni ile ile niliingia uchochoroni. Niling'oa tambi moja moja kutoka chini ya ndoo, za fulana, za shuka la pinki, zote. Nilikata mpira kwa mkasi wa kitambaa, ule mzuri, ukaharibika. Nilisukuma pipa likaanguka, maji yakatiririka mpaka kwenye laini na watoto wakaja kukanyaga. Boya nalo nililipiga teke. Mama Shiro alisimama kwa mbali na leso kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema chochote.

Tangu hapo ninazinywesha kwa mkono. Ninatoka Gikomba nimechoka, ninapanga foleni mferejini, ninajaza mtungi mmoja maana miwili siwezi, ninaupumzisha kila baada ya nyumba chache. Viganja vimechubuka hata sindano inateleza. Mrenda umekufa. Saga limekufa. Sukuma zipo, nyembamba, za kusikitisha. Yule kijana wa nyumba yako alikuja kwa heshima akaniambia, "Mathee, hiyo kitu naweza kuunganisha tena, ni rahisi." Nilimjibu vibaya. Mama Shiro juzi aliniuliza, "Hivi unamwadhibu nani?" Unajua jibu.

Ningemalizia hapa, lakini Naliaka alipiga simu.

Alipiga Alhamisi mchana kwa simu ya nyanya yake, yule anayemwita Kukhu, anayekaa naye sasa Bungoma. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za Mbotela. Halafu akasema, "Anti, ni kweli? Kukhu na shangazi wanasema mama aliuawa na nguo zako." Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama mtoto anayetaka kujua. Akaendelea, "Ile sweta ulinipunguzia, ya bluu, niliitupa chooni. Halafu nikalia kwa sababu ilikuwa nzuri."

Nekesa, jibu lilikuwa kwenye ulimi wangu. Maneno mawili tu yangetosha. Nami nikamwambia kuna mteja amefika, tutaongea. Hapakuwa na mteja. Nilikaa nimeshika simu iliyokatika, nikaona kwamba nimefunga mdomo ili kuilinda siri yako. Siri uliyonificha mimi mwenyewe! Umelala, na bado unanituma.

Nikampigia Wafula. Nilimwambia, mwambie mtoto wako mamake aliugua nini, daktari alikuambia siku ile wodini, na mbele ya hema ukatazama viatu. Akasema, "Marehemu hakutaka. Na mambo ya titi si ya kumwambia mtoto wa kike." Nikamuuliza, "Ni ya kumwambia nani basi, mtoto wa kiume? Na yeye ana titi, Wafula." Akakata. Baadaye akatuma ujumbe wa neno moja: tafadhali.

Sina tafadhali. Nimeshaaga wateja wa wiki hii. Ijumaa ninapanda basi la Bungoma, na Mama Shiro anakuja nami, amekataa niende peke yangu. Anasema yeye ndiye aliyeona na mimi ndiye niliyetukanwa, kwa hiyo tunakamilika. Ninamshonea Naliaka sweta nyingine, na hii ni ya kitambaa kipya, si kwa sababu ya shangazi, ni kwa sababu nataka.

Nitamkalisha binti yako chini, nyanya yake akitaka asikie naye. Nitamwambia mama yake alikuwa na kansa, kwamba haikutoka kwenye nguo wala mboga wala jirani. Nitamwambia mama yangu pia aliugua hiyo, na nimemaliza kuogopa kuitaja. Nitamwambia ajiangalie mwili wake akikua, na akiona kitu apige kelele mpaka Mbotela isikie.

Kitu kimoja kimenikwamisha tangu jana. Ule mtihani. Akiniuliza kwa nini hukutibiwa mapema, nimwambie ulikuwa unamngoja yeye? Mtoto atabebaje hilo? Jana nilisema nitaliruka. Nilisema ni mdogo, ataumia, hakuna haja. Nikajisikia nikisema hivyo, kwa sauti ile ile ya upole ambayo nadhani ulijiambia nayo mambo yangu, na nikaacha kushona. Nilikuelewa kwa muda mfupi sana, na sikupenda.

Kwa hiyo nakuahidi hivi, na ahadi yangu si nzuri. Sitamsukumia neno ambalo hajaliuliza. Lakini lolote atakaloniuliza, nitamjibu, hata hilo la mtihani, na nitakaa naye mpaka amalize kulia, hata kama ni mwaka. Mwanao hatazungukwa na watu wazima wanaotazama viatu. Kama hutaki, inuka uje unikataze mwenyewe. Nitafurahi sana ukija.

Lala, Nekesa. Hasira bado ninayo, na sijui nitaiacha lini. Nikifika Ijumaa nitapita kwanza kaburini, nitang'oa magugu, halafu nitaenda kwa mtoto.

Ni mimi,
Wambui